Albamu mpya za swingi: kinachofufuliwa ni muziki au santuri?

Mwaka 2018 bendi ya Squirrel Nut Zippers ya Marekani ilitoa Beasts of Burgundy, albamu yake ya kwanza ya studio tangu mwaka 2000. Kiongozi wake, Jimbo Mathus, alikuwa ameunda kikosi kipya, ila roho ya muziki ilibaki ya kumbi za dansi za miaka ya 1920 na 1930. Albamu za aina hii huzua ubishi kila zinapotoka: wapo wanaoziona kuwa uigaji mtupu, na wapo wanaosema kwamba muziki mzuri hauchakai.

Hoja za wanaopinga si za kupuuzwa. Wimbi la kufufua swingi, yaani jazi ya kudansi iliyopigwa na bendi kubwa enzi hizo, nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 lilichanganyika mno na biashara. Mwaka 1998 kampuni ya mavazi ya Gap ilitangaza suruali zake kwa wimbo wa Louis Prima wa mwaka 1956. Mwaka huohuo Brian Setzer Orchestra ikaurekodi upya, na baadaye ikatwaa tuzo ya Grammy. Muda si mrefu soko likageukia mambo mengine, na bendi nyingi zikabaki na suti na kofia zao. Lililo zito zaidi ni historia. Swingi ni kazi ya Waamerika Weusi, lakini bendi zilizovuma wakati huo karibu zote ziliongozwa na Wazungu. Cherry Poppin' Daddies ya Oregon ilijipatia umaarufu kwa wimbo uliobeba jina la ghasia za mwaka 1943, ambapo mabaharia wa jeshi la Marekani waliwapiga na kuwavua nguo vijana wenye asili ya Meksiko mitaani Los Angeles. Wimbo huo uliishia kuwa wa sherehe, na sidhani kama wengi wa waliokuwa wakiucheza walijua ulichokitaja.

Kwa upande wa pili, hakuna anayeiuliza okestra kwa nini inapiga Mozart. Hata katika enzi yake, swingi ilisambaa kwa bendi kupokezana mipangilio, yaani maandishi yanayoonyesha kila ala ipige nini: umaarufu wa Benny Goodman, kiongozi wa bendi Mzungu, ulitegemea sana mipangilio aliyoinunua kwa Fletcher Henderson, mwanamuziki Mweusi ambaye bendi yake mwenyewe haikupata utajiri huo. Ufufuaji, pamoja na kasoro zake, uliwahi pia kurudisha haki kwa wenyewe. Frankie Manning, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji mahiri wa Savoy Ballroom, ukumbi wa dansi mtaani Harlem jijini New York, alikuwa ameacha dansi na kufanya kazi posta kwa miongo mitatu hivi, hadi vijana wa California na Sweden walipomtafuta katika miaka ya 1980. Tangu hapo alifundisha katika nchi nyingi, karibu hadi kifo chake mwaka 2009. Bila vijana waliopenda mambo ya kale, huenda angemalizia uzee wake bila kujulikana.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili hubishana juu ya umri wa muziki, ilhali tatizo liko katika kile hasa kinachoigwa. Santuri ya kawaida ya enzi ile, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba takriban dakika tatu kila upande, hivyo wimbo ulifupishwa ili uenee. Savoy kulikuwa na majukwaa mawili, bendi moja ikishuka nyingine ikapanda, na wimbo uliendelea kadiri wachezaji walivyotaka. Bendi ya leo inayosaka maikrofoni za kale na kujibana ndani ya dakika tatu inakuwa mwaminifu kwa mashine, na kuusahau ukumbi. (Aliyewahi kuusikia wimbo wa dansi uliorekodiwa Radio Tanzania, kisha akausikia jukwaani sebene likikolea, hahitaji kuelezwa tofauti hiyo.)

Ndiyo maana naipa Hot, albamu ya Squirrel Nut Zippers ya mwaka 1996 iliyorekodiwa New Orleans, nafasi ya juu kuliko nyingi za wakati wake. Iliuza zaidi ya nakala milioni 1, na wimbo wake uliovuma kuliko zote, Hell, una mahadhi ya kalipso, muziki wa visiwa vya Karibi, wala si swingi. Bendi yenyewe ilikataa kuitwa ya swingi. Ilichota ilikopenda na kutunga nyimbo zake, kama walivyofanya wanamuziki wa zamani ambao hawakujua kwamba siku moja wangeitwa wa zamani. Beasts of Burgundy inafuata njia hiyohiyo, ingawa kukosekana kwa sauti ya Katharine Whalen, mwimbaji wake wa awali, ni pengo ambalo msikilizaji wa siku nyingi atalihisi mapema.

Uchumi nao una sauti katika jambo hili. Bendi kubwa ziliangushwa, pamoja na mengine, na mgomo wa wanamuziki waliokataa kurekodi, ulioanza mwaka 1942, na kodi ya serikali kwa kumbi za dansi iliyowekwa mwaka 1944, na hadi leo bendi chache zinamudu kulipa wapigaji 15 kila usiku. Anayetaka kupiga nyimbo za Duke Ellington, aliyeongoza bendi kubwa, akiwa na watu saba hana budi kuandika upya sehemu za saksafoni na tromboni, kuamua ipi iachwe na ipi apewe mpiga klarineti. Katika maamuzi hayo hakuna santuri ya kunakili, na albamu ya namna hiyo naisikiliza kama kazi mpya.