Ludlow, Siku ya Soko

Wageni wengi wa Ludlow, mji mdogo wa Shropshire karibu na mpaka wa Wales, hushuka kwenye treni asubuhi, huizunguka ngome, hupiga picha na kuondoka kabla jua halijatua. Naona wanajipunja. Mji uliokua kwa biashara ya sufu na vitambaa haujulikani kwa kutazama kuta zake; hujulikana siku watu wake wanapouza na kununua, nayo Ludlow ina gulio Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi.

Soko hupangwa mbele ya lango la ngome, katika uwanja ambao hadi 1986 ulikuwa na ukumbi mkubwa wa matofali. Ukumbi huo ulipobomolewa, biashara ilibaki peupe, na kwa maoni yangu mji ulipata faida, kwa sababu sasa mnunuzi anachagua vitunguu huku minara ya karne ya 11 na ya 12 ikiwa juu ya kichwa chake. Nilinunua jibini hapo. Muuzaji alikata kipande, akakipima, kisha akakata kijipande kingine na kukiongeza juu bila kubadilisha bei. Kwetu tungeita nyongeza, na nilifurahi kuikuta mbali hivyo na nyumbani.

Hatua chache kutoka hapo liko kanisa la Mtakatifu Laurence, na katika sehemu ya waimbaji mna viti vya mbao vya karne ya 15 ambavyo ubao wake hukunjuliwa juu, ili anayesimama kwa sala ndefu apate pa kujiegemeza. Chini ya ubao mmoja fundi alichonga mama muuza pombe aliyekuwa akiwapunja wateja: shetani amembeba begani kumpeleka motoni, naye bado amelishika kopo lake la kupimia. Niliinama pale kwa muda mrefu. Kwa watu wa soko lile, kipimo cha haki kilikuwa jambo la kuchongwa kanisani.

Ngome yenyewe ina historia nzito, kwani ndimo alimofariki Arthur, mwanamfalme mrithi wa Uingereza, mwaka 1502, akiwa na umri wa miaka 15, na mjane wake, Catherine wa Aragon, baadaye akaolewa na mdogo wa marehemu, Henry wa Nane. Saa moja na nusu inatosha kuimaliza.

Kinachohitaji muda ni barabara ya Broad Street, inayoteremka kutoka Buttercross, palipokuwa pakiuzwa siagi, hadi lango la kale la mji na mto Teme. Mchana magari yameegeshwa pande zote mbili, lakini alfajiri huwa kimya na nyumba zake huonekana vizuri zaidi. Kwa hiyo namshauri msafiri afike Jumapili jioni, alale usiku mbili, na Jumatatu saa mbili asubuhi awe uwanjani na kikapu mkononi.