Eksirei ya Dijitali Inaficha Makosa

Hapa Mombasa mzazi akisikia mwanawe anasomea eksirei, swali lake la kwanza huwa ni mashine: je, atafundishwa zile mpya? Kwangu mimi hilo ndilo jepesi kuliko yote. Diploma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ni miaka 3, na mashine za leo karibu zinajiendesha.

Shida iko hapo hapo. Enzi za filamu, ukizidisha mionzi picha ilitoka nyeusi tititi na mwalimu akakubaini papo hapo. Mashine ya dijitali huirekebisha picha yenyewe. Ukipunguza mno mionzi, picha hujaa chengachenga. Ukizidisha, hutoka nzuri zaidi! Basi mwanafunzi anaongeza kidogo leo, kidogo kesho, wala hakemewi, maana daktari anayesoma picha ameridhika. Mgonjwa ndiye anayelipa, naye hana habari. Ningekuwa na uwezo, hakuna mwanafunzi ambaye angetiliwa saini ya mazoezi kabla ya kuisoma ile namba ya kiwango cha mionzi inayoandamana na picha na kueleza kwa nini imepanda.

Halafu kuna mgonjwa mwenyewe. Kifua hupigwa mtu amesimama, kifua kimegusa kibao, mionzi inatoka mgongoni, ili moyo usionekane mkubwa kuliko ulivyo. Hayo yamo kitabuni. Bibi wa Kisauni mwenye hirizi ya kasha la chuma hayumo, wala mtandio uliojaa pini. Vyote hivyo vitatokea juu ya pafu, picha irudiwe, mionzi iwe maradufu. Utamwambiaje avue bila kumvunjia heshima? Na mwari aliyeletwa na mavyaa wake, utamwuliza vipi kama ana mimba? (Mtoe mavyaa nje kwanza, tafadhali.)

Serikali ilipoanza kukodishia hospitali za kaunti mitambo mwaka 2015, kuna iliyokaa bure, sababu mojawapo ikiwa ni ukosefu wa wataalamu. Hata wataalamu wanapokuwepo, anayemfundisha mwanafunzi mara nyingi ndiye huyo huyo mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni. Atamsahihisha saa ngapi? Kaunti ikinunua mashine nyingine, bajeti hiyo hiyo itenge mshahara wa mkufunzi asiye na foleni, wa kumsimamia mwanafunzi kabla hajabonyeza kitufe.