PSSSF iwekeze wapi: katika hatifungani za Serikali au katika viwanda na majengo?

Tangu Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, uanze kazi tarehe 1 Agosti 2018 kwa kuunganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF, karibu kila mjadala wa pensheni nchini Tanzania umehusu kikokotoo: mstaafu apewe asilimia ngapi kwa mkupuo na abakiziwe kiasi gani cha kila mwezi. Kanuni za 2018 zilizoweka mkupuo wa asilimia 25 zilisitishwa na Rais Magufuli mwezi Desemba mwaka huo huo kutokana na malalamiko ya wafanyakazi, asilimia 33 ikaanza Julai 2022, na bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi 40 kwa waliotoka katika mifuko iliyokuwa ikilipa nusu. Wafanyakazi walikuwa na haki ya kupaza sauti. Hata hivyo, kelele za kikokotoo zimefunika swali linalotangulia, yaani fedha hizo zinawekezwa wapi kabla hazijafika kwa mstaafu, na ni nani anayeamua.

Uzito wa swali hilo unaonekana mara tu mtu anapoufuata mchango mmoja. Mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri, ambaye kwa walio wengi ni Serikali yenyewe, huongeza asilimia 15. Mwalimu aliyeajiriwa akiwa na miaka 25 na kustaafu akiwa na miaka 60 atakuwa ameuachia mfuko mchango wake wa kwanza kwa miaka 35. Iwapo mchango huo utakua kwa asilimia 2 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei, thamani yake halisi itakuwa imeongezeka maradufu siku anapostaafu. Ukikua kwa asilimia 5, itakuwa zaidi ya mara tano. Tofauti ya asilimia tatu, ambayo katika taarifa ya mwaka mmoja haimshtui mtu, ndiyo inayoamua kama pensheni itamtosha mwalimu huyo au itamlazimu kurudi kuomba vibarua uzeeni. Hakuna kikokotoo kinachoweza kugawa faida ambayo haikupatikana.

Wapo wanaosema mfuko ubaki kwenye hatifungani za Serikali, yaani hati za mkopo ambazo Serikali huzilipia riba hadi siku ya kurudisha mtaji, na hoja yao ina nguvu kuliko inavyopewa. Mwaka 2021 Benki Kuu iliuza hatifungani za miaka 20 zenye riba ya asilimia 15.49 na za miaka 25 zenye asilimia 15.95, wakati mfumuko wa bei ulikuwa chini ya asilimia 5. Kwa riba ya namna hiyo, fedha zinazorudishwa kwenye uwekezaji kila zinapolipwa huongezeka maradufu ndani ya miaka mitano, bila mpangaji wa kufuatiliwa, bila mkandarasi na bila mashine inayosubiri vipuri. Hata Aprili 2022, riba hizo ziliposhushwa hadi asilimia 12.10 na 12.56, faida iliyobaki baada ya kuondoa mfumuko wa bei ilikuwa kubwa kuliko ile ambayo mifuko mingi ya pensheni duniani huitegemea. Kwa sababu hiyo, meneja anayetaka kutoa fedha za wanachama akajenge ghorofa au kiwanda ana wajibu wa kueleza kwa hesabu ni kwa nini mradi wake utazidi kile ambacho angekipata kwa kununua karatasi ya Hazina na kuitunza.

Upande wa pili nao una la kusema, na si porojo za kisiasa tu. Mfuko wa pensheni ni miongoni mwa taasisi chache nchini zinazoweza kusubiri miaka 20 kupata fedha zao, ilhali benki hukusanya amana za muda mfupi na haziwezi kuzifunga kwa muda huo. Soko la Hisa la Dar es Salaam ni dogo, na mfuko mkubwa ukiingia sokoni kununua hisa za kampuni moja unaweza kuipandisha bei dhidi yake wenyewe. Zaidi ya hapo, riba ya hatifungani hulipwa kwa kodi, na kodi hutoka katika uchumi unaozalisha. Kama hakuna anayejenga viwanda, msingi wa kulipa riba hiyo nao utadhoofika. Kwa mtazamo huu, kiwanda cha bidhaa za ngozi cha Karanga mjini Moshi, ambacho mfuko unakimiliki kwa ubia na Jeshi la Magereza, ni mbegu ya ajira ambazo baadaye zitaleta michango mipya.

Pia si kila hatua ya nje ya hatifungani imekuwa hasara. PSSSF inamiliki zaidi ya asilimia 10 ya benki ya CRDB, na hisa moja ya benki hiyo, iliyokuwa ikiuzwa chini ya shilingi 200 mwishoni mwa 2020, ilikuwa imevuka shilingi 600 mwishoni mwa 2024, mbali na gawio la kila mwaka. Ninaitaja kwa sababu ina sifa ambayo miradi mingi ya mifuko yetu haina: bei yake hutangazwa kila siku ya soko, na mwanachama yeyote anaweza kuiona bila kumwomba mtu ruhusa.

Miradi iliyotuumiza haikuwa na sifa hiyo. Majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, yalijengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii kwa makubaliano kwamba Serikali ingelipa. Malipo yakachelewa, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akalazimika kulirudia suala la mikopo hiyo katika ripoti zake. Chuo ni kitu chema na vijana wengi wamesoma pale, lakini ubora wa chuo hauwezi kuchukuliwa kuwa malipo ya deni. Kwa upande wa sekta binafsi, mradi wa nyumba wa Dege, Kigamboni, ambao NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta hiyo, iliuingia kwa ubia, ulisimama mwaka 2016 ukiacha maghorofa ambayo hayajakamilika. Mwaka huo huo Serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa nguvu, na mifuko iliyokuwa imejenga minara ya ofisi katikati ya Dar es Salaam ikajikuta ikigombea wapangaji wale wale. Hapa ndipo ninapokataa maelezo kwamba uwekezaji una bahati na mikosi. Anayewahamisha wapangaji, anayekopa na anayemteua mwenyekiti wa bodi ya wadhamini ni Serikali hiyo hiyo moja.

Kwa mantiki hiyo hiyo, hatifungani haziwezi kuitwa salama bila kuuliza ni nani anayedaiwa. Mfuko uliojaa hatifungani za Serikali unategemea Hazina katika mambo matatu kwa pamoja: michango ya mwajiri, riba na urejeshaji wa mtaji. Hazina ikiyumba, yote matatu huyumba mwezi mmoja. Ghana ilituonyesha jambo hilo mwishoni mwa 2022, ilipotangaza kubadilisha madeni yake ya ndani kwa hatifungani zenye masharti hafifu na kuiingiza mifuko ya pensheni humo. Vyama vya wafanyakazi vilitishia mgomo na mifuko ikaondolewa, lakini mwaka 2023 ikaletewa mpango wake yenyewe wa kubadilishana. Sisi tulishaonja kitu chenye harufu ya namna hiyo. Watumishi walioajiriwa kabla ya Julai 1999 hawakuwa wakichangia, PSPF ikawalipa mafao ya miaka hiyo kwa ahadi kwamba Hazina ingefidia, na fidia haikuja kwa wakati. Mwishoni mwa 2021 Serikali ililipa sehemu ya deni hilo kwa hatifungani maalumu isiyo ya fedha taslimu yenye thamani ya shilingi trilioni 2.17. Ilikuwa hatua ya heshima, kwa kuwa deni lililokuwa likielea lilipata tarehe na riba. Hata hivyo, mdaiwa alibaki yule yule.

Kwa hiyo sidhani kwamba ugomvi wa karatasi dhidi ya matofali utatupatia jibu. Afrika Kusini, ambako fedha za mfuko wa watumishi wa umma husimamiwa na shirika la PIC, uwekezaji katika hisa za soko haukuzuia PIC kulipa randi bilioni 4.3 mwezi Desemba 2017 kwa asilimia 29 ya kampuni ya AYO Technology, kwa bei ambayo haikuwa na uhusiano na mali za kampuni hiyo. Kilichosaidia ni kwamba muamala ulijulikana, Tume ya Jaji Mpati ikauchunguza hadharani, na ripoti yake ikatolewa Machi 2020. California nako, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, CalPERS, ulieleza wazi mwaka 2014 kwamba unaondoa takriban dola bilioni 4 kutoka katika mifuko ya uwekezaji wa mbinu changamano iitwayo “hedge funds” kwa sababu ya gharama na ugumu wake, na mwaka uliofuata ukatangaza kwamba tangu 1990 ulikuwa umewalipa mameneja wa uwekezaji katika kampuni zisizouzwa kwenye soko la hisa dola bilioni 3.4 kama mgao wao wa faida. Takwimu hiyo ya pili iliwaaibisha wengi, na hata hivyo ilichapishwa.

Wapo watakaosema kwamba kuweka bei na masharti ya kila mradi hadharani kutaunyima mfuko nguvu ya kujadiliana na wabia. Hoja hiyo ni ya kweli mkataba unapokuwa bado mezani, lakini haina uzito wino ukishakauka. Ninachokitaka kwa PSSSF ni taarifa ya mwaka inayotaja kila jengo, kila kiwanda na kila mkopo kwa jina lake, fedha zilizowekwa, faida iliyopatikana baada ya kuondoa mfumuko wa bei, na kando yake faida ambayo hatifungani ya miaka 20 ingeleta kwa kipindi hicho hicho. Serikali ikitaka mradi wenye faida ndogo kwa sababu za maendeleo, na mara nyingine ni haki yake kuutaka, pengo lilipwe kutoka katika bajeti iliyopitishwa na Bunge, kwa sababu muuguzi wa Sumbawanga anayekatwa asilimia 5 hakuwahi kuulizwa kama anataka kuuchangia mara ya pili.