Miwani ya uhalisia pepe kwenye upasuaji wa aneurisimu: inamsaidia daktari, lakini mgonjwa je?

Aneurisimu ya ubongo ni kivimbe kwenye ukuta wa ateri uliodhoofika, aghalabu pale mshipa unapogawanyika. Takriban watu wazima 3 katika kila 100 wanacho, na wengi hawatajua maisha yao yote. Kikipasuka, damu huvuja kuuzunguka ubongo, na wengi hufariki au kubaki na ulemavu.

Njia mojawapo ya kukitibu ni kufungua fuvu na kubana shingo ya kivimbe kwa klipu ndogo ya titani. Maamuzi mazito hufanywa kabla ya kisu: kuingilia upande gani, klipu ya umbo gani, tawi lipi lisiguswe. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, picha za ndani ya kichwa cha mgonjwa, zilizopigwa kwa mashine za CT na MRI, huunganishwa kuwa ubongo wa pande tatu. Daktari akivaa miwani ya uhalisia pepe, inayomfanya ajione yumo ndani ya picha hiyo, huondoa mfupa, huzunguka, huchungulia nyuma ya kivimbe, mahali ambapo siku yenyewe hawezi kupaona bila kusogeza mshipa ulio tayari kupasuka. Mfumo huo ni wa kampuni ya Surgical Theater, ambayo waanzilishi wake walitengeneza vifaa vya kufundishia marubani wa kivita wa Israeli. Kwa mazoezi ya namna hii, mimi sina pingamizi hata kidogo.

Hata hivyo, miwani haionyeshi kisichonaswa na kipimo. Vishipa vyembamba kuliko milimita moja vinaweza kukosekana kabisa kwenye picha, na klipu ikikibana kimoja, mgonjwa anaweza kuamka amepooza upande mmoja. Tena fuvu likifunguliwa na maji ya ubongo yakitolewa, ubongo husogea kidogo, usilingane tena na ule wa jana. Hapo ni darubini na mkono wa daktari.

Linaloniumiza zaidi ni pale miwani hiyo inapovalishwa mgonjwa, jambo linalofanyika Stanford pia. Faida ipo: anaelewa ugonjwa wake kuliko kwa maelezo matupu. Lakini mtu aliyesimama mbele ya kivimbe cha milimita 4 kilichokuzwa kikamzidi kimo, atasema nini zaidi ya "kitoeni leo"? Utafiti mkubwa wa kimataifa wa mwaka 2003 uliwafuatilia watu ambao hawakuwahi kupasukiwa. Kwa vivimbe vya chini ya milimita 7 kwenye mishipa ya mbele, hakuna kilichopasuka ndani ya miaka 5. Tafiti nyingine zimekuta hatari ipo, ila ndogo. Kwa wengi wa aina hiyo, kufuatilia kwa vipimo ni uamuzi halali kabisa, na wengine hutibiwa kwa koili, waya mwembamba wa kujaza kivimbe, inayopitishwa kwenye mshipa wa paja bila kufungua fuvu.

Basi kabla ya miwani, daktari amwonyeshe mgonjwa milimita 4 kwenye rula ya kawaida. Amtajie hatari ya kuacha na hatari ya kupasua, kisha ampe siku chache akazungumze na watu wa nyumbani kwake.