Bawa pana au upepo wa kaskazi?

Juzi hapa Shela, kisiwani Lamu, mvua ya vuli ilipokatika, niliokota kereng'ende aliyekufa barazani nikamwinua juani. Bawa la mbele lilikuwa jembamba. La nyuma lilitanuka sana shinani, na rangi ya njano hafifu. Ndiye kereng'ende ambaye wanasayansi humwita Pantala flavescens. Mwanabiolojia Charles Anderson, aliyeishi Maldives, alieleza mwaka 2009 kwamba kereng'ende hawa huvuka bahari kutoka India hadi Afrika Mashariki. Kwenda na kurudi, kwa kupokezana vizazi, alikadiria kilomita 14,000 hadi 18,000.

Je, ni bawa hilo linalomfikisha?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Bawa pana humwezesha mdudu kuelea bila kupigapiga, akaweka akiba ya nguvu. Kereng'ende wa jamii ya Tramea nao wanalo, nao husafiri. Utasema Tramea na Pantala ni wa familia moja, na ndugu hufanana hata wasiposafiri. Sawa, lakini kereng'ende aitwaye Anax ephippiger ni wa familia nyingine kabisa, bawa lake la nyuma pia ni pana, na ametoka Afrika akaonekana hadi Iceland.

Anayenitatiza ni Ischnura aurora, ndugu mdogo wa kereng'ende. Ni mwembamba kama sindano, mabawa yake yamebanwa shinani mithili ya mpini wa kijiko, na bado amefika visiwa vya mbali vya Pasifiki, akipeperushwa angali mchanga.

Nahodha yeyote wa Lamu angemwelewa. Majahazi ya kwenda India yalingoja kusi, ya kuja huku yakaja na kaskazi. Tanga liwe zuri vipi, nje ya msimu halikumtoa mtu bandarini. Pantala naye, kwa maelezo ya Anderson, hupanda zaidi ya mita 1,000 kuzifuata pepo za kaskazini-mashariki.

Hata hivyo, kwangu bawa halitoki kwenye hesabu. Kupeperushwa si kusafiri. Pantala hana budi kulipata dimbwi la mvua, atage, na watoto wakue kabla halijakauka, pengine kwa wiki sita tu. Upepo humfikisha pwani. Dimbwi hulitafuta mwenyewe.

Jioni ile nilimwona jike kwenye maji yaliyotuama nyuma ya nyumba. Alikuwa akichovya ncha ya mkia, upepo ukamsukuma hadi ukutani, akainamisha mabawa kidogo, akarudi palepale, akachovya tena.