Kofia Nane za Kijani

Mimi ni Yanga. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniponza.

Nilikuwa nakwenda Guzhen, mji wa taa kule Zhongshan, jimbo la Guangdong, kuchukua taa za dari za duka langu la Kariakoo. Safari za nyuma nilinunua kwa kikokotoo na ishara za mikono. Safari hii nilitaka bei ya rafiki. Wazoefu walishaniambia kwamba kule bei inashuka kwa guanxi, yaani kujuana, na kujuana huanza na zawadi. Nikajiandaa kama mtu anayekwenda kuposa. Saa ya ukutani nisithubutu, maana "kutoa saa" kwa Kichina hutamkwa sawa na kumzika mzazi. Vitu vinne nisitoe, nne inafanana na kifo. Nane ndiyo ya heri. Na kila kitu nitoe kwa mikono miwili.

Basi nikabeba kofia nane mpya za Yanga, kijani kibichi, njano kidogo pembeni. Jirani yangu wa duka, Simba damu, ambaye tulisafiri pamoja, akazichungulia kwenye begi akasema, "Utajuta." Nikajua ni utani wa jadi tu.

Laoban, ndivyo tunavyowaita mabosi kule, alitukaribisha kwenye meza ya chai na watu wake saba. Ukutani juu yake kulikuwa na maandishi manne makubwa ya wino: heqi sheng cai, maelewano huzaa mali. Akamimina chai kwenye vikombe vidogo kama vya mdoli, nami nikagonga meza kwa vidole viwili kushukuru, kama wanavyofanya Waguangdong. Alifurahi mpaka nikaanza kuhesabu faida kichwani.

Nikatoa kofia. Mikono miwili, kichwa nimeinamisha kidogo.

Laoban akaipokea kwa mikono miwili, akatabasamu, akaiweka mezani taratibu kama anayeweka yai. Wale saba nao wakaweka mayai yao. Nikadhani wanaona haya. Nikainuka, nikazunguka meza, nikamvika laoban kwa mkono wangu mwenyewe, nikampiga na picha.

Kijana wa mauzo alianza kukisoma kikombe chake. Mama mhasibu akatoka nje kupokea simu ambayo haikuita. Mkalimani wetu, dogo wa Tanga anayesoma Guangzhou, alikuwa msalani muda wote huo. Aliporudi alisimama mlangoni, mikono bado inadondosha maji, akimwangalia laoban kama anayemwangalia maiti aliyekaa.

Nikauliza bei. "Yanjiu yanjiu," laoban akajibu kwa upole wote. Tutalichunguza, tutalichunguza.

Kwenye teksi nikashangilia. Dogo akasema, "Kaka, hiyo ni hapana."

"Kwa nini?"

"Mchina akiambiwa amevaa kofia ya kijani, ameambiwa mkewe ana mwanamume mwingine."

Nikakaa kimya kidogo. "Afadhali basi mkewe hakuwepo."

"Ndiye yule mhasibu."

Jirani yangu alicheka kuanzia pale mpaka Xiaobei, mtaa wa Guangzhou tunakofikia Waafrika. Mimi nikawa nalalamika: watu saba wazima, hakuna hata mmoja wa kunifinya? Dogo akanipa darasa. Kongzi, yaani Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, alipanga mahusiano matano ya binadamu, mtawala na raia, baba na mwana, mume na mke, kaka na mdogo wake, rafiki na rafiki, na hilo la mwisho tu ndilo la watu walio sawa. Kiwandani laoban ni baba. Sasa mtoto gani atamwambia baba mbele ya wageni kwamba kofia yake ina neno? Angemvua baba uso, yaani kumwaibisha mbele za watu.

Siku tatu hakuna ujumbe. Ikabidi nitafute mshenga, kweli kabisa mshenga, mzee wa Kichina anayetujazia makontena. Akasikiliza, akafuta miwani, akasema nisiombe radhi. Ukiomba radhi unalitaja, ukilitaja limetokea. Nipeleke kitu chekundu, na nisiwe na maneno.

Sasa mimi, pale Guangzhou, usiku, kitu chekundu cha nyumbani nitakipata wapi?

Jirani alikuwa na jezi mbili za Simba. Aliniuzia moja kwa bei ambayo hata dukani kwake hathubutu kuitaja. Nyekundu tupu, mpya, bado na karatasi yake.

Kesho yake laoban aliivaa palepale juu ya shati. Mama mhasibu akapiga makofi. Kofia hazikuonekana popote na hakuna aliyeziulizia. Taa zikashuka kutoka yuani 38 hadi 34, nikapewa na sampuli za bure. Kisha laoban akasema kitu, wote wakanigeukia.

"Anataka mpige picha," dogo akatafsiri, "na wewe uvae ile nyingine. Marafiki huvaa sare."

Nikamwangalia mzee mshenga. Akatikisa kichwa polepole: ukikataa, umemvua uso mara ya pili. Jirani alishaikunjua jezi, anaishika kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha kidogo.

Tulipotua Dar, nilipowasha simu, ujumbe wa kwanza ulikuwa wa mwenyekiti wa tawi letu: "Ndugu, Jumapili saa kumi. Uje na maelezo." Chini yake ilikuwepo ile picha.