Fildi Zetu Zinapotea Bure

Katika mambo ya Marekani ninayoyaonea wivu, barabara na maghorofa hayamo. Wivu wangu ni kwa jinsi wanavyomchukua mwanafunzi wa shahada ya kwanza likizo ndefu ikianza, wakamlipa, wakamkabidhi swali la utafiti liwe lake.

Serikali yao, kupitia National Science Foundation, shirika lake la kufadhili sayansi, imegharamia mafunzo ya namna hii tangu 1987. Kwa kawaida ni wiki nane hadi kumi za kiangazi, na mwanafunzi hupata posho. Fedha hizo ni za raia na wakazi wa kudumu, kwa hiyo wageni tusahau. Mimi nimeyaona mafunzo haya nikiwa upande wa wasaidizi.

Nyumbani watu hudhani siri ni mashine. Mashine zipo, lakini tazama kazi ya mbegu ilivyo. Jimbo la Illinois, kwa mfano, lilikuwa nchi ya mbuga za nyasi ndefu. Leo haijabaki hata asilimia 1 ya mbuga hizo katika hali nzuri. Kuzirudisha kunahitaji mbegu za mimea ya asili, na nyingi haziamki mpaka zikae kwenye unyevu na baridi kwa wiki kadhaa. Mwanafunzi akifika Juni ndipo uanze kuzilaza kwenye friji, likizo itaisha hajaona hata chipukizi. Kwa hiyo msimamizi huzilaza mapema, huku mwanafunzi mwenyewe bado anafanya mitihani chuoni kwake. Friji tunazo hata sisi. Kinachokosekana ni mtu wa kumfikiria mwanafunzi miezi mitatu kabla hajafika.

Fildi yangu ya Tanzania, yaani mafunzo kwa vitendo ya chuo, niliifanyia katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Nilipanga mafaili, nikajaza logibuku, nikagongewa muhuri. Hakuna aliyeniuliza nimegundua nini, maana hakuna aliyenituma kutafuta chochote. Wengi mliopita huko mnanielewa.

Na mimea tunayo sisi! Amani, Usambara Mashariki, palikuwa na kituo cha utafiti tangu 1902. Karomia gigas, mti mrefu wa misitu ya pwani uliodhaniwa umetoweka, ulionekana tena upande wa Kilwa, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwa kwenye kazi hiyo. Miche yake imeoteshwa pia Missouri Botanical Garden, mjini St. Louis. Ni ushirikiano mzuri, siulaumu. Ila najiuliza ni wanafunzi wangapi wa botania wa kwetu wamewahi kuugusa mti huo.

Huku Marekani nako wana upungufu wao. Nimeona vijana wanaosoma matokeo ya DNA kama gazeti, lakini ukiwapa tawi lisilo na ua, wanaishiwa maneno. Kwetu kuna waongoza misitu wanaokata gome kidogo, wananusa, wanakutajia mti kwa Kisambaa, na mara nyingi hebaria, yaani hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa, inawaunga mkono. Hakuna mafunzo ya kiangazi ninayoyajua huku yenye mwalimu wa aina hiyo.

Wiki za fildi tayari zimo kwenye ratiba zetu, na wapo wanaopata fedha za mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo. Basi wapelekwe Amani wawiliwawili, kila wawili na swali lao. Mfano: miche ya Maesopsis eminii, mti mgeni uliovamia msitu ule, huota wapi zaidi, kwenye mapengo ya miti iliyoanguka au chini ya kivuli kizito? Kamba, futi ya kupimia na daftari vinatosha kuanzia. Mwishoni wasimame mbele ya wenzao waulizwe maswali magumu. Na yule mwongoza msitu alipwe kama mwalimu, jina lake liandikwe kwenye lebo ya kila sampuli pamoja na la mwanafunzi.